Ijue Klachi ya Gari Lako (2): Haishiki au Haiachii?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi klachi inavyofanya kazi katika gari la manyuali. Kwa msomaji anayeungana nasi leo, turudie kwa ufupi. Flaiwili imefungwa nyuma ya krenki, nayo huzunguka muda wote injini inapowaka. Klachi pleti imechomekwa kwenye shafti ya mbele ya giaboksi. Presha pleti, kwa nguvu ya springi yake, huibana klachi pleti kwenye flaiwili, na hapo nguvu ya injini hupita kwenda kwenye magurudumu. Ukikanyaga pedeli, waya au mafuta ya pampu husukuma foki, foki husukuma klachi beringi, na beringi hubonyeza springi ili pleti iachiwe.

Klachi basi ina kazi mbili: kushika na kuachia. Leo tunaingia kwenye uchunguzi, na ningependa msomaji ashike jambo moja. Kabla giaboksi haijateremshwa, swali hili liwe limeshajibiwa: klachi haishiki, au haiachii? Magonjwa haya mawili yana vyanzo tofauti na gharama tofauti. Wapo wenye magari waliolipia klachi nzima, yaani pleti, presha pleti na beringi, pamoja na ufundi wa kuteremsha giaboksi, ilhali kilichokufa ni raba ndogo ndani ya pampu ya chini, ile inayosukuma foki. Fedha hiyo ni ada ya mtoto au mtaji wa mwezi, na inapotea kwa sababu hakuna aliyepima.

Klachi isiyoshika

Ugonjwa huu hujificha gari likiwa tupu kwenye barabara tambarare. Hujitokeza mlimani, mzigo ukiwepo. Dereva anayepanda Kitonga kuelekea Iringa anakanyaga mafuta, injini inanguruma, mshale wa resi unapanda, lakini mwendo unabaki palepale au unashuka. Baada ya muda huja harufu kali ya kuungua. Hapo pleti inateleza badala ya kushika, na kuteleza huzaa joto ambalo huimaliza haraka zaidi.

Kuna vipimo viwili ambavyo mwenye gari anaweza kuvifanya mwenyewe. Cha kwanza, tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Tembea taratibu ukiwa namba tatu au nne, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Klachi ikiwa nzima, resi na mwendo vitapanda pamoja, pole pole. Ikiwa inateleza, resi zitaruka peke yazo huku gari likijivuta.

Cha pili hufanywa gari likiwa limesimama. Hakikisha hakuna mtu wala kitu mbele ya gari. Vuta hendibreki, kanyaga klachi na breki, ingiza namba tatu, kisha achia pedeli ya klachi taratibu. Injini ikizimika mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma wakati pedeli imeachiwa yote, inateleza. Kipimo hiki kifanywe mara moja tu, kwa sababu kukirudia ni kuiunguza pleti unayoichunguza.

Hata ukishathibitisha kwamba inateleza, usiseme bado kwamba pleti imekwisha. Kwanza tazama nafasi ya pedeli. Katika magari yanayotumia waya, kama kirikuu nyingi za Suzuki Carry, pedeli inapaswa kushuka kidogo bila uzito kabla ya kuanza kusukuma kitu. Nafasi hiyo aghalabu ni kati ya milimita 10 na 30, na kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Kadiri pleti inavyolika, nafasi hiyo hupungua. Isiporekebishwa, waya hubaki umekaza hata mguu ukiwa umeondolewa, beringi inaendelea kubonyeza springi, na pleti inakosa mbano kamili. Kirikuu ya kubeba matofali inaweza kuonekana imekufa klachi kabisa, kumbe nati ya kurekebishia waya ilihitaji kulegezwa mizunguko michache. Bonyeza pedeli kwa vidole, si kwa mguu. Vidole huhisi kile ambacho kiatu hakiwezi kuhisi.

Chanzo kingine ni oili. Sili ya nyuma ya krenki au sili ya mbele ya giaboksi ikivuja, oili huingia kwenye pleti. Chungulia chini, mahali injini inapokutana na giaboksi. Ukiona oili inachuruzika hapo, ujue kwamba kubadilisha pleti bila kubadilisha sili ni kuiandaa pleti mpya kwa kifo kilekile.

Klachi isiyoachia

Hapa dalili ni nyingine: gia zinaingia kwa shida, zinasaga, au gari linataka kuondoka wakati pedeli imekanyagwa mpaka chini. Madereva wengi husema giaboksi imeharibika, na wapo mafundi wanaokubaliana nao haraka mno.

Kipimo chake ni rivasi. Washa injini, iache sailensa, gari likiwa nyutro. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu sekunde tano, kisha ingiza rivasi taratibu. Gia za mbele zina vifaa vya kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajaumana, lakini katika magari mengi rivasi haina. Klachi ikiachia sawasawa, katika sekunde hizo tano shafti ya giaboksi itakuwa imesimama na rivasi itaingia kimya. Ikisaga, shafti bado inazungushwa na injini, maana yake pleti haijaachiwa. Sasa zima injini na ujaribu tena. Gia zikiingia laini, klachi ndiyo yenye tatizo. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, chunguza nyaya za gia au giaboksi yenyewe.

Kwa magari yenye pampu, kama Toyota Hiace, uchunguzi unaendelea hivi. Pampu pedeli mara tatu au nne kwa haraka, kisha jaribu gia. Zikiingia vizuri baada ya kupampu, kuna upepo ndani ya mfumo au sili za pampu zimechoka. Angalia kopo la mafuta ya klachi. Likipungua, mafuta yametoka mahali fulani, kwa kuwa mfumo huo umefungwa na hautumii mafuta. Ingiza mkono nyuma ya pedeli, ndani ya gari, mahali fimbo ya pampu ya juu inapopita. Vidole vikitoka na majimaji, pampu ya juu inavuja. Kisha nenda kwenye pampu ya chini, pembeni ya giaboksi. Ina raba ya kuzuia vumbi. Inua ukingo wake kwa bisibisi. Raba nzima huwa kavu ndani. Ikidondosha majimaji meusi, sili imekufa.

Kipimo kinachokata shauri kinahitaji watu wawili. Mmoja akanyage pedeli, mwingine atazame fimbo ya pampu ya chini inavyosukuma foki. Fimbo ikitembea kidogo au ikirudi polepole wakati pedeli bado imekanyagwa, tatizo liko kwenye pampu au upepo, na giaboksi ibaki ilipo. Fimbo ikitembea kikamilifu na bado rivasi inasaga, ndipo tatizo liko ndani: pleti iliyopinda, meno ya shafti yaliyoshika kutu, foki iliyochoka au springi zilizovunjika. Hapo kuteremsha giaboksi ni halali.

Tahadhari moja isipuuzwe. Pampu hizi hutumia mafuta ya breki, ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama kopo linavyoelekeza. Kuongeza oili ya injini au ya giaboksi huvimbisha raba zote, na mfumo uliokuwa na ugonjwa mmoja mdogo huharibika wote.

Sauti na mtetemo

Sauti hupimwa gari likiwa limesimama, nyutro, injini ikiwaka. Sikiliza pedeli ikiwa juu, kisha ukiikanyaga. Mlio unaoanza pedeli inapokanyagwa mara nyingi hutoka kwenye klachi beringi. Mlio unaosikika pedeli ikiwa juu na kunyamaza ukikanyaga aghalabu hutoka kwenye beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Ukimweleza fundi tofauti hiyo, umemwondolea nusu ya kazi ya kubahatisha.

Gari linalotetemeka linapoondoka linaweza kuwa na oili kwenye pleti au flaiwili iliyoungua. Lakini anza na maunti za injini na giaboksi, kwa kuwa zikikatika huleta mtetemo unaofanana sana, na kuzitazama hakuhitaji kufungua kitu.

Giaboksi ikishateremshwa

Kama vipimo vimeonyesha kwamba lazima ishuke, uwepo siku hiyo. Omba pleti ya zamani mkononi. Tazama ribiti zilizozama ndani ya kitambaa chake. Vitabu vya Toyota vinaweka kikomo cha milimita 0.3 kati ya uso wa kitambaa na kichwa cha ribiti. Ikishuka chini ya hapo, chuma kinakaribia kukwaruza flaiwili. Kitambaa kinachong'aa kwa mafuta kinakuambia utafute sili inayovuja. Flaiwili yenye mabaka ya bluu imepita kwenye joto kali, na inahitaji kuchunguzwa kabla pleti mpya haijafungwa juu yake. Fundi asipulize vumbi lililomo kwa kompresa. Vitambaa vya klachi za zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Ukifika gereji, usiseme tu kwamba klachi imekufa. Sema kama haishiki au haiachii, ilianza lini, kwenye mlima au kwenye foleni, na kipimo cha rivasi kilionyesha nini. Mwombe fundi akuonyeshe fimbo ya pampu au waya vikitembea kabla hajashika spana za giaboksi. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kwa ombi hilo. Wengi hufurahi kupata mteja anayejua anachokitaka.

Wiki ijayo tutaeleza kwa nini pleti ya dereva mmoja hudumu kuliko ya mwingine katika gari la aina ileile, na namna ya kukagua spea mpya kabla ya kulipa.