Adaptateri ya safari: inabadilisha fishi, haibadilishi umeme

Wengi wetu wako njiani. Kuna wenye kuvuka Kasumbalesa kwenda Ndola na Lusaka, wenye kupanda basi mpaka Dar es Salaam kutafuta vitenge na viatu, na wenye kungoja zamu yao ya likelemba ili wafike Dubai ao Guangzhou. Na katika mikutano yetu kuna ulizo moja ambalo linarudi kila mara: ninunue adaptateri gani?

Ni kitu kidogo chenye kuenea katika kiganja, na sokoni kinauzwa pamoja na sharjeri na ekuta za simu. Lakini tumeona pasi zikiungua na kongelateri zikikufa juu yake, na kongelateri ikikufa ni mtaji wa mama umekufa pamoja na samaki wake. Ndiyo maana wiki hii tunaomba nafasi ya kulizungumzia vizuri.

Tuanze na umbo. Kwetu Kongo prizi nyingi zina matundu mawili ya mviringo, namna Wabelgiji walivyotuachia. Nyingine zina pia kichuma kimoja chenye kutokeza nje. Hicho ni cha waya wa ardhi, tutakirudilia. Zambia, Tanzania, Uganda na Kenya zilirizi fishi ya Waingereza: pini tatu bapa, nene, umbo lililowekwa Uingereza mwaka wa 1947. Dubai pia wanatumia hiyo. Kwa hiyo mama mwenye adaptateri moja nzuri ya pini tatu bapa anaweza kulala Lusaka, Dar es Salaam, Nairobi, Dubai na hata London, na simu yake ikajaa kila mahali. Mwenye kwenda kuona watoto Ubelgiji ao Ufaransa hahitaji kitu. Fishi zetu zinaingia kule.

Afrika Kusini ni habari nyingine. Kule pini ni tatu, za mviringo na kubwa sana, na adaptateri nyingi zenye kuandikwa "dunia nzima" haziingii katika prizi hizo. Afadhali ununue ya kwao palepale unapofika. China wana pini bapa mbili, ao tatu zenye kuinama. Kama kwenye boksi kuna herufi, zikumbuke hizi: zetu ni C na E, ya Waingereza ni G, ile kubwa ya Afrika Kusini ni M, ya China yenye kuinama ni I, na ya Marekani ni A na B.

Sasa jambo ambalo tunawasihi mliache. Katika prizi za Waingereza, matundu mawili ya chini yamefungwa kwa ndani na vifuniko vidogo. Pini ndefu ya juu ndiyo inayovifungua. Kwa sababu hiyo, katika nyumba za wageni tunaona watu wakisukuma biki, kijiti ao hata ncha ya kisu katika tundu la juu, ili fishi yetu ya pini mbili ipate kuingia. Inaingia, kweli. Lakini vile vifuniko viliwekwa ili kulinda vidole vya watoto, na wewe umevifungua kwa nguvu. Pini zetu za mviringo hazishiki vizuri katika matundu ya pini bapa. Zinacheza, zinatoa cheche, plastiki inapata joto. Tena fishi ya Waingereza ina fyuzi ndogo ndani yake yenye kukata umeme kama mambo yanaharibika. Fishi yetu haina fyuzi hiyo. Na mtoto aliyelala nawe katika chumba hicho ameona mama akiweka biki ukutani. Kesho ataweka msumari.

Baada ya umbo, angalia namba. Adaptateri nzuri ina maandishi madogo yaliyochongwa katika plastiki, mfano 10A 250V. A ni ampere. Zidisha ampere kwa volti za ukutani na utapata wati ambazo inaweza kubeba. Ampere 10 kwa volti 220 ni wati 2200. Nyingi za zile za "dunia nzima" zimeandikwa 6A tu: 6 mara 220 ni 1320. Simu inahitaji wati chache tu, ordinateri labda 65, hakuna shida. Lakini birika la umeme linaweza kuomba wati 2000, na mashine ya kukausha nywele vilevile. Mama mwenye kuchomeka birika hilo katika adaptateri ya 6A haoni kitu dakika ya kwanza. Kisha kunatoka harufu. Kama hakuna namba yoyote iliyoandikwa, irudishe mezani hata kama bei ni ndogo.

Sasa kongelateri. Wenye kununua vyombo Dubai ao Dar es Salaam wanarudi navyo vikiwa na fishi ya pini tatu bapa. Nyumbani wanatafuta adaptateri ya bei ndogo, wanachomeka, na adaptateri hiyo inakaa ukutani miaka miwili. Hapa tunasema waziwazi: adaptateri ni ya safari, si ya nyumba. Kila mara mota ya kongelateri inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafula, na adaptateri yenye kulegea inaungua pole pole, bila mtu kujua, mpaka siku inapoyeyuka. Tena nyingi za adaptateri hizo zina pini mbili tu upande wa ukuta, maana yake waya wa ardhi, ule mafundi wanauita tere, umekatika hapo. Kazi ya waya huo ni kupeleka umeme chini kama umepotea njia na kugusa chuma cha chombo. Bila waya huo, umeme unangoja mkono wako. Wamama wengi wanajua ule mtetemo mdogo wa vidole ukigusa mlango wa kongelateri na miguu iko juu ya simiti yenye maji. Mtetemo huo ni onyo.

Dawa yake si ghali. Ita fundi wa kweli, akate fishi ile na kufunga nyingine ya pini mbili nene yenye nafasi ya tere, na akuonyeshe kwa macho kwamba waya wa rangi ya kijani na manjano umefungwa mahali pake. Mwulize pia kama prizi yako yenyewe ina waya wa ardhi nyuma ya ukuta. Katika nyumba nyingi kile kichuma kipo lakini hakikufungwa na kitu.

Tunafika sasa kwa zawadi za watoto wetu walio Marekani na Kanada, na hapa ndipo feza nyingi zinapotea. Kule ukutani kuna volti 120. Kwetu ni 220, kama SNEL imeamka vizuri. Mtoto anamtumia mama chombo kizuri cha kupikia wali, kinafika na pini bapa mbili, shemeji anakwenda kununua adaptateri, na yote yanaingia vizuri kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo: umbo limekubali, umeme haukukubali. Adaptateri haipunguzi hata volti moja. Na kwa chombo cha kutoa joto, volti zikikaribia kuongezeka mara mbili, joto linapita mara tatu. Chombo cha mama mmoja wa chama chetu hakikumaliza kuivisha chungu cha kwanza.

Kabla ya kuchomeka, geuza chombo ao sharjeri na kusoma ile karatasi ndogo ya chini, penye neno INPUT. Ukiona 100-240V, mshukuru mtoto na uchomeke. Adaptateri ya umbo inatosha. Sharjeri za simu na ordinateri karibu zote ni hivyo. Ukiona 120V peke yake, usichomeke. Kunahitajika transfo, yaani ile mashine nzito yenye chuma na nyaya za shaba ndani, na lazima wati zake zipite zile za chombo. Transfo ya kubeba chombo cha wati 1000 ni mzigo, na bei yake inaweza kupita ya chombo chenyewe. Sisi tungemwandikia mtoto mapema: tuma feza ya chombo, tutakinunua hapa. Kusema hivyo si kudharau zawadi.

Ukienda kununua adaptateri, chukua fishi yako katika mkoba. Ichomeke mbele ya muuzaji, kisha ishike na kuitikisa kidogo. Ikicheza ao ikianguka kwa uzito wake, achana nayo. Ile ya kawaida ya nchi moja, isiyo na vitu vya kuvuta na kugeuza, inashika vizuri kuliko ile ya "dunia nzima", na mara nyingi inabeba ampere zaidi. Kama unasafiri na dada mwingine, si lazima kila mmoja anunue mbili: bebeni moja na ralonji yetu ya Kongo yenye matundu manne, na simu zenu zote zitajaa. Lakini simu tu. Msiweke pasi katika ralonji hiyo. Na usiku wa kwanza, baada ya nusu saa, gusa adaptateri kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu si neno, lakini ikikufanya uondoe mkono, itoe.

Vikundi vingine vimefikiri kununua adaptateri mbili ao tatu nzuri kwa feza ya kisanduku, ziwekwe kwa mwenye hazina na kuandikwa katika daftari kila mara mama anapozichukua. Tunaona ni wazo zuri, kwa sababu hakuna mwenye kusafiri kila mwezi. Ziandikeni jina la kikundi kwa wino usiofutika. Na asubuhi ya kutoka hotelini, kabla ya kufunga mzigo, angalia tena ukutani nyuma ya kitanda: wamama wetu wanasahau adaptateri huko kuliko wanavyosahau vitambaa vya kichwa.