Misheni za Muda Mfupi na Kijiji Kinachozipokea: Mfano wa Matamba, Makete (Sehemu ya Pili)

Misheni ya muda mfupi ni safari ambayo waumini wa kanisa fulani, wengi wao wakiwa si wachungaji wala wamisionari kwa taaluma, huifanya kwenda mahali palipo mbali na kwao kwa siku au majuma machache, kwa nia ya kuhubiri, kutibu, kujenga au kufundisha, kisha wakarejea katika shughuli zao za kawaida. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi safari hizo zilivyoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, hasa baada ya vyama kama Youth With a Mission, kilichoanzishwa na Loren Cunningham mwaka 1960, kuonyesha kwamba hata kijana asiyesomea theolojia anaweza kutumwa. Sehemu hii inashughulikia swali gumu zaidi, yaani kijiji kinachopokea ugeni huo kinapata nini, na inalipima swali hilo kwa Matamba, katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe.

Anayekwenda Matamba huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia pale Chimala, wilayani Mbarali, akaukwea ukingo wa milima kwa njia ya kona kali ambayo kwa wingi wa kona zake imepewa jina la Hamsini na Saba. Juu hukuta nchi ya baridi inayopakana na uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa na ambao kwa maua yake huitwa Bustani ya Mungu. Wenyeji wa upande huu wengi ni Wawanji, majirani wa Wakinga, nao hulima viazi mviringo, ngano na pareto, na siku hizi hupanda pia miti ya mbao. Ardhi yao ni nzuri, mvua ni ya kutosha, na vijito vya milima hiyo humwaga maji katika bonde la Usangu na hatimaye katika Mto Ruaha Mkuu. Kwa hiyo mgeni anayeambiwa kwamba anakwenda kuhudumia kijiji maskini anapaswa kuuliza kwanza umaskini huo umetoka wapi, maana nchi yenyewe haiusababishi.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika gunia la viazi. Mkulima wa milimani, ambaye mazao yake huharibika barabara inapokatika wakati wa mvua, huuza kwa mchuuzi anayefika na gari, na kwa miaka mingi mauzo hayo yamefanyika kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa nyongeza juu kama kilemba, ambalo hulipiwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya Vipimo inakataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kulizuia, lakini mkulima aliye peke yake shambani, mwenye viazi vinavyoanza kuota na mtoto anayesubiri sare ya shule, hana nguvu ya kubishana na mnunuzi. Jambo la pili ni UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 uliukuta Mkoa wa Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4, na Makete ilijulikana nchini kote kwa wingi wa yatima hata kabla ya dawa za kufubaza makali ya virusi kufika vijijini. Hakuna hata moja kati ya mambo haya mawili linaloweza kutibiwa kwa kupaka darasa rangi.

Historia ya Ukristo katika milima hii nayo ina fundisho ambalo wageni wengi hawaelezwi. Wamisionari wa Chama cha Misheni cha Berlin, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kuingia Ukinga katika mwongo huohuo, walikuja kukaa: walijifunza lugha za wenyeji, wakazika watoto wao huko, na mema na makosa yao yote yalionekana na majirani zao kwa miaka mingi. Hata hivyo Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani hao, na vita ya pili ikaja kuwaondoa tena, na nyakati zote mbili sharika zilibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, ambao waliendelea kubatiza, kufundisha na kuzika bila mshahara wa uhakika. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, lilirithi sharika ambazo zilikwisha kuthibitisha kwamba zinaweza kusimama. Kundi la vijana linalofika leo kwa siku kumi na nne likidhani linapeleka Injili mahali isipokuwepo, linawasili katika nchi ambamo babu za wenyeji wake waliitunza imani hiyo katika nyakati ngumu kuliko zote walizozijua.

Wazo kwamba msaada unaweza kumdhoofisha anayesaidiwa lilisemwa na Waafrika wenyewe mapema sana. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki nchini Kenya, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani mjini Milwaukee akapendekeza kwamba wamisionari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yajitambue na kujifunza kujitegemea, na mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka uliliunga mkono pendekezo hilo. Gatu hakuwachukia wageni, wala hakukana kwamba kanisa ni moja duniani kote. Alichokikataa ni uhusiano ambao upande mmoja hutoa siku zote na upande wa pili hupokea siku zote. Miaka mitatu kabla yake, huko Cuernavaca nchini Mexico, padri Ivan Illich alikuwa amewaambia wanafunzi wa Marekani waliokuja kujitolea vijijini kwamba waje kutazama na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Kauli ya Illich ilikuwa kali kupita kiasi, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya hoja ya Gatu ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa kuwa yeye alizungumza kama mtu wa nyumba inayopokea.

Hesabu za fedha zinaipa hoja hiyo nguvu. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia aliyeishi Honduras kwa miaka mingi, alichunguza nyumba zilizojengwa nchini humo baada ya Kimbunga Mitch cha mwaka 1998, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006 alikuta kwamba nyumba iliyojengwa na makundi ya wageni wa muda mfupi iligharimu takriban dola 30,000 ukijumlisha safari zao, wakati mashirika ya Kikristo ya hukohuko yalijenga nyumba kwa takriban dola 2,000. Matamba nako nguvu ya mikono haijapungua. Mafundi uashi wapo, tofali za kuchoma zipo, na mbao za paina hupasuliwa wilayani humohumo, hivyo kazi ya ujenzi anayoifanya mwanafunzi wa ng'ambo ni ujira ambao fundi wa Matamba ameukosa. Wahenga waliosema kwamba mgeni apewe jembe siku ya tatu walimfikiria mgeni mwenye kujua kulima. Mgeni huyu hajui, na mwenyeji hulazimika kuacha shamba lake ili amwonyeshe. Pamoja na hayo, haitakuwa haki kudai kwamba fedha za nauli zingetumwa Matamba kama safari isingefanyika, maana wazazi na marafiki huchanga kwa ajili ya kijana wanayemjua. Hata hivyo safari yenyewe haiwezi kutetewa kwa kigezo cha kazi iliyofanyika, na kinachoweza kuitetea ni undugu unaojengeka na kudumu baada ya mgeni kuondoka.

Eneo ambalo linahitaji uangalifu kuliko yote ni matibabu, kwa sababu hapo makosa hulipwa kwa mwili wa mtu. Kambi ya matibabu, yaani huduma ya siku chache inayofanywa na madaktari wageni katika shule au kanisa, huvuta umati, na umati huo huwafanya wageni waamini kwamba wanahitajika. Daktari anayempima bibi wa Matamba na kumkuta na shinikizo la juu la damu, kisha akampa vidonge vya siku 30, amemtendea wema ikiwa siku ya 31 ipo zahanati yenye daftari la jina lake na dawa ileile, au inayolingana nayo, kutoka Bohari ya Dawa. La sivyo amempa hofu ya ugonjwa bila tiba yake. Ndivyo ilivyo kwa kisukari na kifafa, na kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa dawa hizo ni za maisha yote na kuzikatiza huvipa virusi nafasi ya kuwa sugu. Operesheni ya mtoto wa jicho ni tofauti kidogo, kwani kazi yake kubwa hukamilika kwa siku moja, ingawa jicho lililopasuliwa bado linahitaji mtu wa kulitazama baadaye.

Taratibu za nchi zimewekwa kwa sababu hizohizo. Daktari mgeni anapaswa kuwa na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumgusa mgonjwa, na dawa zinazoingizwa nchini, hata zikiwa za sadaka, zinapaswa kupata idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya misaada ya dawa iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, linataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kumaliza muda wake zinapofika nchini. Makundi mengine huona masharti haya kuwa urasimu, lakini daktari ambaye asingethubutu kutibu mtu Minnesota bila leseni hana sababu ya kuona kwamba mgonjwa wa Makete anastahili ulinzi pungufu. Mtaalamu mwenye nia njema angefanya vyema zaidi kwenda katika hospitali iliyokwisha kusimama, kama ile ya Ikonda iliyojengwa na Wamisionari wa Consolata wilayani humohumo, ambayo wagonjwa huiendea kutoka mikoa ya mbali, akafanya kazi chini ya uongozi wake na kuwaachia madaktari wake ujuzi.

Kuhusu yatima, neno moja linatosha: mtoto aliyepoteza wazazi hapaswi kupewa rafiki mpya kila mwezi wa Julai na kunyang'anywa kila mwezi wa Agosti, na picha yake haipaswi kuwa chombo cha kuchangishia nauli ya mtu mwingine. Bibi, shangazi au mama mdogo anayemlea ndiye anayestahili msaada, tena kwa mkono wa usharika unaomfahamu.

Mifano ya uhusiano uliokomaa ipo, wala si mbali. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kilutheri na Sinodi ya Saint Paul ya Minnesota zimekuwa katika ushirika uitwao Bega kwa Bega, ambamo usharika wa huku huunganishwa na usharika wa kule, hivyo watu hutembeleana kila baada ya muda, huombeana kwa majina, na fedha za masomo ya sekondari hupitia katika utaratibu wa dayosisi badala ya mfuko wa mgeni. Katika mpango wa aina hiyo ziara ya wiki mbili ni sehemu ndogo ya jambo la miaka mingi. Wapo pia Watanzania wanaofanya misheni: wanafunzi wa vyuo vikuu walio katika vyama kama TAFES huenda vijijini wakati wa likizo, wakilala katika nyumba za waumini na kula kilichopo, nao wana faida ya lugha na ya kuweza kurudi kwa nauli ya basi. Makete, ambayo wafanyabiashara wake wanafahamika Mbeya na Kariakoo, ina watoto wengi waliofanikiwa mijini, na sharika za huko zingeweza kutumwa nyumbani kabla ya kumngojea mtu wa ng'ambo.

Hata mradi mwema una mlango wake wa kuingilia. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na mradi usiopita hapo huwa ni mali ya aliyeuleta. Maji ni mfano mzuri katika milima ya Makete, ambako maji ya mserereko, yaani yanayoteremka kwenye bomba kwa nguvu ya mwinuko bila pampu, yanawezekana kwa gharama nafuu. Bomba hilo likijengwa kwa sadaka ya wageni na kuachwa bila chombo cha watumiaji maji kinachotambuliwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, litakauka siku koki ya kwanza itakapovunjika, kwa kuwa hakuna mfuko wala fundi aliyekabidhiwa. Majira nayo yana uzito: likizo za Ulaya na Marekani huwaleta wageni kati ya Juni na Agosti, ambapo Matamba kuna baridi kali, wakulima wamo katika mavuno, na mwezi wa Juni shule hufungwa, kiasi kwamba kundi la walimu linaweza kukuta madarasa matupu.

Kwa hiyo baraza la wazee la usharika linaloletewa barua ya kuomba kufika lisijibu kwa adabu ya kumkaribisha mgeni tu. Liandike kile ambacho kijiji kimepanga, nani atakiendeleza, mwezi gani unafaa, na lioneshe muhtasari wa mkutano wa kijiji. Na pale ambapo hakuna kazi ya mgeni, liwe na ujasiri wa kusema kwamba mwaka huu waje kusali pamoja, kula viazi na kusikiliza habari za lumbesa, bila rangi, bila dawa na bila zawadi. Kundi litakalokubali kuja kwa masharti hayo ndilo linalofaa kupokelewa, na lile litakaloghairi litakuwa limeliokolea baraza gharama ya kulipokea.