Akiba haiozi? Mkate unaoza!

Hebu pita uani kwenu sasa hivi. Utakuta dumu tupu la mafuta ya kula, chupa za soda, labda na khanga kuukuu juu ya kamba. Ingia jikoni: maandazi manne ya jana na nusu mkate uliokauka. Wewe unaona uchafu, mama anasema, "Usitupe, akiba haiozi."

Mama anasema kweli, kutupa ovyo ni kutupa pesa. Ila kabla hujakipa kitu maisha mapya, kiulize swali moja: "Wewe umepitia nini mpaka leo?" Jibu lake ndilo linaloamua kama kitakufaa au kitakupeleka hospitali.

Mkavu sawa, wenye ukungu hapana

Mkate ukikauka haujaharibika. Wanga uliomo ndani umekaza tu, na ukipata maji na moto unalainika tena. Nyunyizia maandazi maji kidogo, yatie kwenye sufuria, funika, pasha kwa moto mdogo. Chapati za jana zikate vipande vyembamba, kaanga kitunguu na nyanya, pasulia mayai mawili, changanya. Hapo watu wawili wameshiba! Mkate mkavu chovya kwenye yai lililopigwa na maziwa, kisha kaanga. Ukiwa mgumu kabisa, uponde uwe chenga za kuvingirishia katlesi.

Lakini ukiona ukungu, uwe wa kijani, mweupe au mweusi, hapo hakuna mjadala. Tupa mkate wote. Wengi wetu hukata kipande chenye ukungu na kula kilichobaki. Hilo ni kosa. Ukungu unaouona ni kama majani ya mmea. Nyuzi zake zimeshaingia ndani ya mkate usikoweza kuona. Tena ziko aina za ukungu zinazotoa sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ukungu wa mkate si lazima uwe wa aina ile, lakini kwa macho utajuaje? Usile, na kuku usiwape.

Na vitafunwa vyenye nyama, kama sambusa, vikilala nje usiku kucha kwenye joto visiliwe, hata kama havinuki.

Chupa ya soda si ya mafuta ya taa

Nilipokuwa darasa la tatu, mdogo wangu alikunywa mafuta ya taa. Yalikuwa kwenye chupa ya soda, chini ya meza. Mtoto kaona chupa, kaona soda. Utamlaumu? Jirani alikuja mbio na kikombe cha maziwa ili atapike. Bibi akakataa katakata, wakamkimbiza hospitali. Alilazwa siku tatu akihema kwa shida, lakini akapona.

Bibi hakuwa na cheti chochote, ila alikuwa sahihi. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia kwenye mapafu, na mtu akitapika yanapata nafasi ya pili ya kuingia huko. Kwa hiyo likitokea kwenu: usimtapishe, usimlazimishe kunywa maziwa, mvue nguo zilizolowa mafuta, mpeleke hospitali haraka na uichukue ile chupa ili mganga aione.

Mafuta ya taa, dawa ya panya na dawa ya kufulia vikae kwenye vyombo vyake vya asili, juu, asikofika mtoto. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu wa shambani lisibebe maji wala unga hata siku moja. Eti ulioshe mara kumi? Bado hapana.

Dumu la mafuta ya kula: hili ruksa

Dumu la lita 5 lililobeba mafuta ya kula linafaa sana kwa kibuyu chirizi. Lioshe kwa maji moto na sabuni. Toboa tundu dogo kwa msumari karibu na mdomo wake. Simika nguzo mbili nje ya choo, pitisha mti juu, ning'iniza dumu lenye maji. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, na upande wa chini uifunge kwenye kijiti. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Hushiki chochote kwa mikono michafu. Ning'iniza na sabuni pembeni, kazi imekwisha.

Khanga kuukuu

Dada, kama pedi za dukani zinakushinda bei, khanga kuukuu ya pamba ni laini na inanyonya vizuri. Kata, kunja, shona. Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, fua kwa sabuni na maji safi, kisha anika juani mpaka ikauke kabisa. Wengi wetu huficha chini ya godoro kwa aibu. Pale pana giza na unyevu, haikauki, na wadudu wa magonjwa wanapapenda hapo. Ukiona haya, anika na utandaze khanga nyingine nyepesi juu yake. Na wewe kaka, ukiiona kwenye kamba, nyamaza. Ni nguo kama nyingine.

Basi, leo jioni kabla hujalala, fanya jambo moja. Chungulia chini ya meza na uvunguni mwa kitanda. Ukikuta chupa ya soda yenye kitu kisicho soda, iondoe leo leo. Mdogo wako hajui kusoma harufu.