Kuonja Kahawa Yetu: Kikombe Kinasema Nini Juu ya Shamba?



Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ya nchi. Kwa hiyo wapo wakulima wengi waliolea mibuni miaka 30 na zaidi bila kuonja kinywaji kilichotokana na shamba lao. Anayeonja ni mnunuzi, na anayejua ladha ndiye anayepanga daraja. Makala hii inaeleza jinsi kamati ya parokia inavyoweza kuonja na kulinganisha kahawa kwa vifaa vya jikoni, na faida ya kufanya hivyo.

Kahawa za pande mbili za ziwa

Mwanza inajulikana zaidi kwa pamba na samaki, lakini iko katikati ya kahawa mbili tofauti. Magharibi ya ziwa, mkoani Kagera, hulimwa zaidi robusta. Wahaya waliifahamu kahawa kabla ya ukoloni: waliichemsha, wakaikausha na kuitafuna, na walimkaribisha mgeni kwayo. Mashariki, katika miinuko ya Tarime mkoani Mara, hulimwa arabika, ambayo hupenda sehemu za juu zenye baridi.

Tofauti yao husikika mdomoni. Robusta ni nzito, ina uchungu zaidi, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika. Arabika iliyooshwa vizuri ni nyepesi, yenye harufu nzuri na uchachu kidogo kama wa limau. Hizi ni kahawa za aina mbili, kwa hiyo si haki kuilaumu robusta kwa kukosa uchachu wa arabika. Kila moja ipimwe kwa ubora wa aina yake.

Namna ya kuonja

1. Kaanga kila kahawa peke yake katika kikaango kisafi hadi zote zifikie rangi moja. Ukiunguza moja, utaonja moto badala ya shamba.

2. Siku inayofuata, saga au twanga kila moja kwa ukubwa ule ule. Weka gramu 8 hadi 9 katika kikombe cha mililita 150. Pasipo mizani, tumia vijiko viwili vya chakula visivyojaa sana, ila kipimo kiwe kimoja kwa vikombe vyote.

3. Andika jina la kahawa chini ya kikombe na herufi pembeni, ili mwonjaji asijue anachoonja. Tusipofanya hivyo kila mtu atasifu kahawa ya kwao.

4. Mimina maji yaliyochemka, yakiisha kutulia kidogo. Hapa kandokando ya ziwa, mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usisubiri sana.

5. Subiri dakika 4. Vunja utando wa juu kwa kijiko huku ukinusa, kisha uondoe povu.

6. Ikipoa kiasi, chota kijiko na uivute kwa nguvu ili isambae mdomoni. Nyumbani kunywa kwa sauti ni utovu wa adabu, lakini mezani hapa ni ruksa. Unaweza kuitema. Onja tena ikiwa vuguvugu, maana kasoro nyingi hujitokeza kahawa inapopoa.

Kikombe cha nne

Baada ya kulinganisha Kagera, Tarime na labda Kilimanjaro, ongezeni kikombe kimoja: kahawa ya shamba lile lile la Kagera, lakini iliyochumwa kwa kukwanyua mbichi na mbivu pamoja, kisha ikaanikwa chini. Hapo ndipo somo lilipo. Buni mbichi huleta ukakasi na ladha ya majani. Iliyoanikwa juu ya udongo hunuka udongo. Iliyorundikwa ikiwa na maji huleta uchachu wa siki au harufu ya ukungu. Iliyochumwa nyekundu na kukaushwa juu ya kichanja au turubai haina kasoro hizo. Udongo ni ule ule na mibuni ni ile ile. Kilichotofautiana ni kazi ya mikono.

Waonjaji wa soko la kimataifa hutoa alama hadi 100, na kahawa yenye 80 au zaidi huhesabiwa kuwa ya daraja maalumu. Hatutafikia utaalamu wao kwa siku moja. Lakini mkulima aliyeonja vikombe viwili vya shamba lake hahitaji tena kuambiwa kwa nini achume nyekundu tu.

Ladha peke yake haitoshi

Hata hivyo tusijidanganye. Mkulima mwenye mtoto anayedaiwa ada huweza kuuza kahawa ingali changa mtini, kwa bei ya chini. Mkoani Kagera biashara hiyo huitwa butura. Tangu msimu wa 2018/19 serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, lakini agizo halilipi ada ya Januari. Aliyekwisha kuuza maua hana sababu ya kusubiri tunda liive, na aliyenunua ana haraka ya kuvuna.

Kwa hiyo tunashauri kamati zenye wakulima wa kahawa ziunganishe mambo mawili: kuonja kahawa kabla ya msimu kufunguliwa, na mfuko wa kuweka na kukopa utakaomvusha mkulima miezi ya njaa. Nanyi wafadhili wetu, mnapoombwa turubai na vichanja, ulizeni pia kama mfuko huo upo. Kichanja hakimsaidii mtu ambaye kahawa yake imekwisha kuuzwa mtini.