Bukta yenye mfuko mmoja nyuma

Nilimkuta fundi ameshatandika kitambaa mezani, mkasi mkononi. Nikamwomba asubiri kwanza. Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha sita mwaka huu na jina lake limetoka katika orodha ya wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Baba alikuwa amempeleka kwa fundi na maelezo ya mdomo tu: bukta ya bluu. Fundi, kama ilivyo kawaida yake, alitaka kuweka zipu na mifuko ya ubavuni. Nikamsomea tangazo la JKT kwenye simu. Bukta iwe ya bluu iliyokoza, mpira kiunoni, isiwe na zipu, iishie magotini, na mfuko uwe mmoja tu, nyuma.

Na mimi nilishonewa ya namna hiyo mwaka 2014, nikiwa na miaka 19. Bado ninayo. Imepauka mpaka imekuwa rangi ya maji ya bahari asubuhi.

Kila ikifika Mei na Juni, mtaani kwetu Tanga mlango wangu haupumziki. Wazazi wanakuja na maswali yaleyale: mtoto atapigwa? Atakula nini? Binti yangu atalala na nani? Akirudi ataajiriwa jeshini? Huwa nawakaribisha wakae, nawapa chai, nawaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Haya ndiyo ninayowaeleza.

Nilipangiwa kambi ya Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Tanga tulipita Segera, Chalinze, Morogoro, tukaikata mbuga ya Mikumi. Ruaha Mbuyuni abiria wakanunua vitunguu kupitia madirisha ya basi, kisha tukaanza kuupanda mlima Kitonga taratibu, dereva akiomba njia kwa honi kila kona. Nilikuwa nimebeba kila kilichoandikwa: shuka mbili za bluu ya bahari, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, vyeti vyangu, na nauli ya kurudi niliyoifunga kwenye leso. Kichwani nilikuwa nimeshanyoa nyumbani. Mama ndiye aliyeshika mkasi, hakusema neno hata moja mpaka alipomaliza.

Tulipofika getini mabegi yakapekuliwa na simu zikachukuliwa. Hapo ndipo wengi walipolia, si kwa ukali wa maafande. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Niliiandika namba ya mama kwenye karatasi, nikaikunja mara nne, nikaitia katika ule mfuko mmoja wa nyuma.

Kwetu pwani baridi ni jambo la usiku wa mwezi wa saba, unajifunika kanga ya pili yamekwisha. Kule nilikutana na baridi yenyewe. Filimbi ilikuwa inalia saa kumi alfajiri, na ukitia mkono katika pipa la maji vidole vinakufa. Tulilala katika hanga moja refu, vitanda vya ghorofa vimepangwa kushoto na kulia. Jirani yangu wa juu alikuwa msichana wa Kyela. Wa chini upande wa pili alitoka Pemba, na yule wa mlangoni alitoka Ngara. Usiku wa kwanza hakuna aliyezungumza. Usiku wa tatu msichana wa Kyela alinirushia soksi zake za sufu, akaniambia, "Dada wa Tanga, meno yako yananinyima usingizi."

Ratiba haikubadilika sana. Usafi gizani, mchakamchaka, uji, kwata mpaka jua la utosi, ugali na maharage, kisha fatiki au darasa, na jioni kuhesabiwa. Fatiki ni kazi za mikono: kuvuna mahindi, kupasua kuni, kusomba maji, kusonga ugali katika sufuria ambalo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Darasani tulifundishwa usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, uraia na ujanja wa porini.

Mchakamchaka nautaja peke yake kwa sababu ndio ulionifundisha jambo la kwanza. Mmoja anatoa chenja, yaani wimbo, kombania nzima inaitikia, na mguu wa kushoto unatua pale neno linapotua. Mwanzoni nilidhani nyimbo ni za kutuchangamsha tu. Siku ya nne nilinyamaza ili nitunze nguvu, na kabla hatujafika kwenye mti wa kugeukia nilikuwa nimeishiwa pumzi kabisa. Afande aliyekuwa anakimbia pembeni yangu hakunifokea. Aliniambia niimbe. Nikaimba, kifua kikapata mpangilio. Ukiimba huwezi kuhema ovyo, maana wimbo unakupangia wapi pa kuvuta hewa na wapi pa kuitoa, na mia mbili mnaoimba pamoja mnavuta hewa pamoja. Toka siku hiyo sikubaki nyuma tena.

Baba alipopata habari hiyo baadaye alicheka kwa furaha, kwa sababu na yeye alifundishwa hivyohivyo. Alikwenda JKT mwaka 1985, na wakati wao ulikuwa mwaka mzima. Hapa inafaa nieleze kidogo chombo hiki kimetoka wapi, maana vijana wengi wanakijua kwa jina tu. Mwalimu Nyerere alikianzisha tarehe 10 Julai 1963, na mwanzoni vijana walijitolea. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi lile likavunjwa, na katika kujenga jipya, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), vijana wa JKT na wa Umoja wa Vijana wa TANU walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Mwaka 1966 serikali ikataka wasomi nao walitumikie taifa kwa miaka miwili kwa lazima, na kwa miezi 18 ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam wakaandamana. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20.

Nimewaza sana juu ya siku ile. Wanafunzi walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini wao tu wakatwe wakati wakubwa wanaendesha magari. Mwalimu naye alikuwa na haki ya kuwauliza nani aliyelipa ada zao kama si mkulima. Kwa maoni yangu kule kujikata mshahara ndiko kulikompa nguvu ya kusema. Kiongozi anayemwambia kijana avumilie ugali na maharage inampasa naye awe ameonja.

Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarudi mwaka 2013, na katika kundi la mwanzo walikuwamo hata wabunge vijana. Sisi tulikuja mwaka uliofuata, kundi letu likaitwa Operesheni Miaka 50 ya Muungano, kwa miezi mitatu. Kila kundi huwa na jina lake la operesheni, na watu huulizana, "Wewe operesheni gani?" kama wanavyoulizana kijiji. Sisi wa mujibu tupo kwa muda mfupi. Wapo pia wenzetu wa kujitolea, ambao hukaa mpaka miaka miwili na hujifunza ufundi, kilimo na ufugaji. Wazazi huwa wanachanganya makundi haya mawili. Niseme wazi: kumaliza mafunzo si tiketi ya ajira jeshini, na JKT yenyewe huwaambia vijana hivyo kila mwaka. Anayekuomba fedha ili mwanao apate nafasi ni tapeli. Usimpe hata shilingi.

Sasa niseme lililoniuma.

Wiki ya tano mmoja wetu alipoteza sahani yake ya bati. Usiku platuni nzima tukatolewa nje tupigwe doso. Tukaruka kichurachura, tukagaagaa kwenye tope, tukaamka, tukarudia. Siikatai adhabu ya pamoja moja kwa moja, kwa sababu vitani kosa la mmoja huwaua wote, na somo hilo lina mahali pake. Ila usiku ule aliyekuwa akisimamia hakuwa anafundisha. Alikuwa amechoka na amekasirika, na sisi tulikuwa karibu yake. Katikati ya yote msichana wa Kyela akaanguka. Tukadhani ameteleza. Nilipomsogelea nilisikia kifua chake kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi. Alikuwa na pumu, na hakuwa amemwambia mtu.

Tulimbeba watu wanne mpaka zahanati ya kambi, tukikimbia gizani. Matroni alikuwa macho, akampa dawa, akakaa naye mpaka kukapambazuka akiwa amemshika mkono. Asubuhi nilimuuliza rafiki yangu kwa nini alificha. Akanijibu kwamba aliogopa kuitwa mtegaji. Kambini mtegaji ni yule anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi, na hakuna jina baya kulishinda hilo. Heshima yake mbele ya watu ambao hakuwajua mwezi mmoja kabla ilikuwa na uzito kuliko pumzi zake.

Kwa hiyo mzazi akinijia namwambia hili kabla ya jingine lolote: kama mwanao ana pumu, kifafa, selimundu, ugonjwa wa moyo, au mguu uliowahi kuvunjika, ampelekee daktari wa kambi vyeti vyake siku ya kwanza. Si siku ya pili. Na kama ana ulemavu unaoonekana, tangazo la kila mwaka humwelekeza Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, ambako miundombinu ya kuwahudumia ipo. Nawaomba na maafande wanaosoma hapa, kwa heshima yote, watofautishe mtegaji na mgonjwa kabla ya kupuliza filimbi.

Yule msichana hakurudishwa kwao. Alipumzishwa kwata kwa siku kumi, akawekwa jikoni, na wiki ya nane tulipopelekwa shabaha alikuwa amelala kifudifudi mkono wangu wa kulia. Bunduki ya SMG nilikuwa nimeshaizoea kuifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho, kila kipande najua joto lake. Lakini kuilenga ni kitu kingine. Kitako kikae begani kisawasawa, shavu liguse mbao, nusu ya pumzi itoke, kisha kidole. Risasi ya kwanza ilinipiga begani na sauti ikanijaa kichwani. Sikuona hata ilikokwenda. Ya tatu ilipasua karatasi. Sikushangilia. Nilipata hofu ya kimya, kwa sababu niliona kumbe ni rahisi hivi, na nikaelewa kwa nini maafande walitumia wiki saba kutufundisha kutii kabla ya kutupa risasi.

Porini tulikaa usiku kadhaa mwishoni mwa mafunzo. Nakumbuka matembezi ya usiku, kilomita nyingi mstari mmoja, kila mtu ameshika mgongo wa mwenzake. Amri ilikuwa kwamba platuni haihesabiwi imefika mpaka wa mwisho awe amefika, kwa hiyo wenye nguvu walirudi nyuma kuchukua mizigo ya wengine. Mtoto wa mkurugenzi mmoja wa Dar es Salaam alibeba begi la mtoto wa muuza mchicha wa Singida. Hawakuwa wakijuana kwa hayo. Sote tulikuwa na kipara na bukta ya bluu. Mimi nilijua baadaye sana, tulipokuwa tunarudishiwa simu.

Asubuhi ya kutoka porini ndipo nilipopekua mfuko wa nyuma. Karatasi ilikuwa imekuwa ujiuji mkavu, wino wote umeliwa na jasho na tope. Matroni alikuwa ameturuhusu kupiga simu nyumbani mmojammoja, dakika mbilimbili, tuwaambie siku ya kufunga mafunzo na kula kiapo. Nikasimama mbele yake na simu mkononi, nikagundua kuwa namba ya mama yangu mzazi siijui. Nilikuwa naijua kwa jina tu, "Mama", kama simu ilivyonizoesha. Namba za zamani za mezani za ofisini kwa baba nilizikumbuka. Ya mama hapana. Zamu yangu ikapita.

Hakuna wa kwetu aliyekuja siku ya kiapo. Nilirudi na basi lilelile la Kitonga, nikafika nyumbani usiku, nikamkuta baba ukumbini. Aliniambia nisimame wima. Nikasimama. Akaniamuru nigeuke nyuma, nikageuka, akasema kisigino kimechelewa. Kisha mzee wangu, mwenye presha na goti bovu, akainuka kwenye kiti akanionyesha inavyotakiwa, na sakafu ikalia mara moja tu, kavu. Mama alitoka chumbani mbio akidhani kitu kimeanguka.

Mdogo wangu anaondoka Jumatano. Bukta imekwisha, nimemlipa fundi, mfuko wa nyuma nimeurudia mwenyewe kwa uzi wa mara mbili. Jana usiku nilimkuta anaandika namba za simu kwenye karatasi, za baba, za mama na za kwangu. Nikamletea mfuko mdogo wa nailoni, nikamwonyesha namna ya kuikunja ndani na kuyeyusha mdomo wake kwa mshumaa ili maji yasiingie. Halafu nikaichukua ile karatasi nikaiweka nyuma yangu, nikamwambia anitajie namba ya mama. Alikwenda vizuri mpaka tarakimu ya saba, akasita, akaangalia dari. Nikamwambia aanze upya.