Rangi ya Kuficha

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya rangi ni kupamba tu. Lakini wako mafundi ambao hupaka kitu rangi ili kisitazamwe. Nimeona vema kuwaeleza wasomaji habari zao, kwa sababu tangi letu la maji na kibanda cha pampu vitapakwa rangi muhula ujao, na kila mtu ana shauri lake.

Mafundi hao wako katika bustani za burudani za Disney huko Marekani. Ya kwanza, Disneyland, ilifunguliwa mwaka 1955 katika mji wa Anaheim, California. Mgeni aingiaye humo hutaka kujiona yuko msituni au katika mji wa kale, wala si karibu na mabomba. Hata hivyo bustani haiwezi kwenda bila mabomba, nyua, masanduku ya umeme na milango ya wafanya kazi. Basi vingi vya vitu hivyo hupakwa kijani chenye kijivu ndani yake, ambacho kimepewa jina la Go Away Green, yaani "Kijani, Nenda Zako".

Kwa nini kijivu? Jicho huvutwa na tofauti: mng'ao, ukingo mkali, au rangi iliyozidi jirani zake. Majani twayaita ya kijani, lakini yana vivuli, vumbi na umanjano. Kijani kikali cha dukani, kikiwekwa mbele ya kichaka, huonekana kama bendera. Mimi na wenzangu wawili tulijaribu kwa makopo mawili penye ua wa michongoma, moja la kijani cha dukani, la pili la kijani hicho hicho kilichotiwa kijivu. Kwa umbali wa hatua thelathini, la kwanza lilionekana mara moja. La pili, karibu wote tuliowauliza walilipita kwa macho. Walipoonyeshwa waliliona wazi. Rangi haikuliondoa kopo. Iliondoa tu sababu ya kulitazama. (Kaki ya kaptura zetu nayo ni ndugu wa rangi hizi: jina lake latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi.)

Jengo refu lina taabu nyingine, maana nyuma yake hakuna majani bali anga. Huko Florida, katika bustani ya Epcot, jengo kubwa mno lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2022 lilipakwa samawati. Dawa hiyo yafaa siku ya jua. Mawingu yakitanda, samawati hubaki peke yake. Ninaloliona la busara zaidi ni la mnara wa Tower of Terror, uliofunguliwa mwaka 1994 katika bustani jirani. Kilele chake huonekana nyuma ya majengo ya Kimoroko ya Epcot. Basi haukufichwa: ulipewa rangi na umbo la kufanana nayo, hata mgeni hudhani ni sehemu ya mji ule. Urefu wake ni futi 199, kwa kuwa majengo yapitayo futi 200 kwa kawaida hutakiwa kuwa na taa za kuonya ndege.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kibanda, kilicho kati ya miti, kipakwe kijani chenye kijivu kisichong'aa. Tangi liko juu. Lipakwe rangi ya kuta za madarasa. Lakini ndoo za mchanga mlangoni mwa maabara, ambazo nasikia wengine wataka zilingane na ukuta, zibaki nyekundu.