Kodi ya nyumba Kalemie: mzigo uko siku ya kuingia

Familia inayotafuta nyumba ya vyumba viwili na saloni hapa Kalemie huuliza kwanza: "Ni ngapi kwa mwezi?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi.

Tuchukue mfano tu, ili hesabu ionekane. Mwenye nyumba anataka dola 80 kwa mwezi, pamoja na garanti ya miezi 6, yaani dola 480. Ongeza kodi ya mwezi wa kwanza, dola 80. Komisioneri, yaani dalali aliyekuonyesha nyumba, naye anadai mwezi mmoja, dola 80. Kabla mtoto hajalala humo hata usiku mmoja, umetoa dola 640.

Nyumba zinatafutwa na wengi. Mwaka 2015 mji wetu ulifanywa makao makuu ya jimbo la Tanganyika, na watumishi wa serikali wakaja. Vita vya vijijini vikaleta wakimbizi. Mashirika ya msaada yakapanga kwa dola. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda, nyumba za kandokando hazikukalika tena.

Lakini sheria ipo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Katika mfano wetu ni dola 240, na jumla inashuka hadi dola 400. Tena garanti si zawadi: ni mali ya mpangaji, arudishiwe anapotoka ikiwa hana deni wala hakuharibu kitu.

Basi, kabla ya kulipa, andikeni mkataba na utunze kila risiti. Uliza kama mita ya umeme ni yako peke yako au mnagawana. Na kuhusu maji ya ziwa yalifika wapi, mwulize jirani, si komisioneri.

Garanti ni rehani. Torati ilimwagiza aliyeshika vazi la maskini alirudishe kabla jua halijatua, maana ndilo la kujifunikia usiku. Wenye nyumba wengine tunaketi nao benchi moja Jumapili. Tuzungumze nao juu ya miezi 3, na mashemasi wakubali kuwa mashahidi mkataba unapoandikwa.